Baada ya Sindano ya Kulegeza Makunyanzi: Sababu za Maagizo Anayopewa Mtu

Katika miji mingi mikubwa duniani, ikiwamo Nairobi na Dar es Salaam, zipo kliniki ambamo watu huchomwa sindano ndogondogo usoni ili kupunguza makunyanzi ya paji la uso na ya pembeni mwa macho. Dawa inayotumika hujulikana na wengi kwa jina la biashara la Botox, ingawa yapo majina mengine kadhaa ya dawa za jamii hiyo. Mtu anapomaliza kuchomwa hupewa orodha ya maagizo: asilale kwa muda wa saa nne, asisugue uso, asifanye mazoezi mazito siku hiyo, asinywe pombe, tena arudi kuonwa baada ya majuma mawili.

Orodha ya namna hii ikitolewa bila maelezo hufanana na miiko. Wako wanaoifuata yote kwa hofu, na wako wanaoipuuza yote kwa sababu hawaoni maana yake. Makundi yote mawili yamo katika hatari moja, yaani kutotofautisha agizo linalohusu uzuri wa sura na agizo linalohusu uhai. Makala haya yanaeleza jinsi dawa hii inavyofanya kazi mwilini, na kutokana na maelezo hayo yanaonyesha kwa nini kila agizo limewekwa, lipi lina msingi imara, na lipi ni tahadhari tu.

Sumu iliyogeuzwa kuwa dawa

Dawa inayozungumzwa hapa ni sumu ya botulini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana na sayansi. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye huishi udongoni na kustawi mahali pasipo na oksijeni, kwa mfano ndani ya kopo la chakula kisichohifadhiwa vema.

Mtu wa kwanza kuchunguza madhara ya sumu hii kwa utaratibu alikuwa daktari Justinus Kerner wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Kati ya mwaka 1817 na 1822 aliandika kwa kirefu juu ya watu waliougua baada ya kula soseji zilizoharibika. Alieleza kwamba wagonjwa hao huona vitu viwiliviwili, kope zao hushuka, kinywa hukauka, kumeza hushindikana, na mwishowe pumzi hukoma. Hata hivyo akili zao hubaki timamu. Kerner alikisia kwamba kiasi kidogo mno cha sumu hiyo huenda kikafaa kutuliza neva zilizochacharika.

Mwezi Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliokuwa wamepiga muziki mazishini walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Wengi wao waliugua na watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem alichunguza nyama hiyo pamoja na viungo vya marehemu, akampata bakteria aliyesababisha maafa. Jina la ugonjwa huo, botulizimu, linatokana na neno la Kilatini botulus, maana yake soseji.

Katika mwaka 1946 wataalamu wa Marekani walifaulu kuisafisha sumu ya aina ya A mpaka ikawa fuwele, na mwaka 1949 watafiti wa Uingereza wakaonyesha kwamba sumu hiyo huzuia mawasiliano kati ya neva na misuli. Baadaye daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, alitafuta njia ya kutibu makengeza bila kutumia kisu. Alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya nyani mwaka 1973, na juu ya binadamu mwaka 1980. Mwezi Desemba 1989 serikali ya Marekani iliruhusu dawa hiyo itumike kutibu makengeza na ugonjwa wa kope kukazana zenyewe.

Matumizi ya kupunguza makunyanzi yalitokana na matibabu hayo ya macho. Katika mji wa Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alitambua kwamba wagonjwa aliowatibu kope walipotewa pia na mikunjo iliyokuwa katikati ya nyusi zao. Yeye na mumewe Alastair Carruthers, daktari wa ngozi, walichapisha habari hizo mwaka 1992. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 2002, idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliruhusu matumizi hayo.

Jinsi sumu inavyoulegeza msuli

Mwanafunzi wa biolojia anafahamu kwamba msuli hukazana baada ya kupokea amri kutoka kwenye neva. Mwisho wa neva haugusani kabisa na msuli, bali pana mwanya mdogo kati yao. Ndani ya ncha ya neva mna vifuko vingi vidogo sana vyenye kemikali iitwayo asetilikolini. Amri inapofika, vifuko hivyo huungana na utando wa neva na kumwaga asetilikolini katika mwanya ule. Kemikali hiyo ikiufikia msuli, msuli hukazana.

Ili kifuko kiungane na utando hapana budi pawe na protini kadhaa zinazokivuta na kukifunga mahali pake, kama kamba zinavyoufunga mtumbwi gatini. Mojawapo ya protini hizo huitwa SNAP-25. Molekuli ya sumu ya botulini ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huitambua ncha ya neva na kujishikiza hapo, kisha sumu humezwa ndani ya neva. Sehemu ya pili ni kimeng'enya, ambacho kikiwa ndani huikata protini ya SNAP-25. Kamba zikiisha kukatwa, vifuko haviwezi kumwaga kemikali yake. Msuli haufi wala haujeruhiwi, ila hauletewi amri tena. Ngozi iliyo juu yake huacha kukunjwa kila mtu anapokunja uso, na kunyanzi hupungua.

Kujishikiza kwa sumu na kuingia kwake ndani ya neva ni kazi ya muda wa saa chache, lakini matokeo hayaonekani mara moja. Kwa kawaida msuli huanza kulegea kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na hali hiyo hukamilika baada ya majuma mawili hivi. Wakati huohuo neva huanza kujitengeneza. Huchipua vitawi vipya ambavyo huufikia msuli, na hatimaye ncha yenyewe ya zamani hurejea kazini. Baada ya miezi mitatu au minne msuli hukazana tena kama hapo awali.

Kiasi kinachotumiwa ni kidogo kupita kiasi. Kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi, maagizo ya Botox ni yuniti 20, zinazogawanywa katika sehemu tano, kila sehemu yuniti nne. Yuniti moja ni kiasi ambacho, kikidungwa ndani ya tumbo la panya wadogo wa maabara, huua nusu ya panya wanaojaribiwa. Chupa nzima ya yuniti 100 ina sumu ya uzito wa sehemu chache tu za bilioni moja za gramu. Ifahamike pia kwamba yuniti za dawa ya kampuni moja si sawa na za kampuni nyingine, wala haziwezi kubadilishwa moja kwa moja kwa hesabu.

Kutokana na maelezo haya hupatikana kanuni tatu ambazo ndizo asili ya maagizo yote. Kwanza, katika saa za mwanzo, kabla sumu haijashikwa na neva, majimaji ya sindano yanaweza kusambaa hadi kwenye msuli wa jirani usiokusudiwa. Pili, kwa kuwa matokeo huja polepole, mtu hawezi kujua siku ya kwanza kama kipimo kilikuwa sawa au la. Tatu, sumu ikisha kuingia ndani ya neva haitolewi kwa dawa yoyote. Maji yakimwagika hayazoleki. Kilichobaki ni kungoja neva ijirekebishe.

Saa za kwanza

Msuli wa jirani unaohofiwa zaidi ni ule unaoinua kope ya juu. Hupita ndani ya tundu la jicho, chini kidogo ya mahali panapochomwa sindano za nyusi. Kwa sababu hiyo sindano za upande wa nje wa nyusi huchomwa angalau sentimita moja juu ya ukingo wa mfupa wa jicho. Sumu ikiufikia msuli huo, kope hushuka na jicho huonekana kama lenye usingizi. Katika majaribio yaliyofanywa kabla dawa hii haijaruhusiwa kutumiwa kati ya nyusi, watu watatu hivi katika kila mia walipatwa na hali hiyo.

Agizo la kutosugua wala kukanda mahali palipochomwa ndilo lenye msingi ulio wazi kuliko yote yahusuyo saa za kwanza. Kila sindano huweka kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mililita, yaani kama matone mawili ya maji. Tone la wino likiachwa juu ya karatasi ya kukaushia husambaa kidogo na kutulia, lakini likifinywa kwa kidole doa huwa pana. Ndivyo ilivyo ndani ya nyama za uso. Kwa hiyo mtu huoshwa au hujiosha uso kwa upole, hajipaki poda kwa kukandamiza, na kwa siku hiyo hafanyiwi masaji wala matengenezo mengine ya uso.

Agizo la kukaa wima kwa saa nne lina msingi dhaifu zaidi. Matone mawili yaliyomo ndani ya nyama hayatiririki kama maji ndani ya kibuyu, na hakuna uthibitisho mkubwa kwamba kulala kwenyewe huyahamisha. Pengine faida yake ni kwamba mtu aliyekaa hausukumi uso wake kwenye mto. Hata hivyo agizo hilo halina gharama wala madhara, na ni busara kulifuata. Mtu akisinzia kwa bahati mbaya hana sababu ya kuingiwa na hofu.

Mazoezi mazito, bafu la mvuke na joto kali huongeza mwendo wa damu katika ngozi, na pombe nayo huchangia damu kuvilia mahali palipochomwa. Ndiyo maana mambo hayo huahirishwa mpaka kesho yake. Hapa pia tahadhari ni kubwa kuliko uthibitisho, lakini sababu yake inafahamika. Pakitokea uvimbe au alama ya damu iliyovilia, barafu iliyofungwa katika kitambaa safi huwekwa juu yake taratibu bila kukandamiza. Maumivu madogo hutulizwa kwa paracetamol. Aspirini huweza kuongeza kuvilia kwa damu, lakini mtu aliyeandikiwa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache bila ushauri wa daktari huyo.

Baadhi ya waganga huwaagiza watu wakunje na kukunjua uso kwa muda baada ya sindano. Agizo hili lilitokana na majaribio ya maabara juu ya misuli ya panya, ambayo yalionyesha kwamba neva inayofanya kazi huipokea sumu haraka zaidi kuliko neva iliyopumzika. Utafiti mdogo uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba mazoezi hayo huyaleta matokeo mapema kwa muda wa siku moja hivi, bila kuyafanya yadumu zaidi.

Siku na majuma yanayofuata

Vinundu vinavyofanana na alama za kuumwa na mbu hutoweka siku ileile. Maumivu ya kichwa yanaweza kutokea katika siku za mwanzo, kisha hupita. Alama ya damu iliyovilia inaweza kukaa siku kadhaa.

Kosa la kawaida katika kipindi hiki ni haraka. Mtu hujitazama kwenye kioo siku ya pili, haoni mabadiliko, naye hutaka aongezwe sindano. Lakini kanuni ya pili inaonyesha kwamba siku hiyo kimeng'enya kingali kazini. Anayeongezwa dawa kabla ya majuma mawili huongezwa juu ya kiasi ambacho bado hakijaonyesha nguvu zake, na likizidi halirudishwi. Hali kadhalika, sindano hazirudiwi kabla ya miezi mitatu kupita. Vipimo vikubwa vinavyotolewa mara kwa mara huweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili dhidi ya sumu, na dawa ikaacha kufanya kazi.

Kope ikishuka, mtu arudi kwa daktari aliyemhudumia. Yapo matone ya macho ambayo huusisimua msuli mwingine mdogo wa kope, usiotegemea asetilikolini, ili uinue kope kwa milimita moja au mbili. Matone hayo hayaiondoi sumu, ila humsaidia mtu aone vema wakati neva inajitengeneza. Hali yenyewe kwa kawaida huisha baada ya majuma kadhaa.

Jambo jingine la kutiliwa maanani ni dawa nyingine. Viuavijasumu vya jamii ya gentamisini, pamoja na dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji, huweza kuongeza nguvu za sumu ya botulini. Kwa hiyo mtu aliyechomwa sindano hizi katika miezi iliyotangulia amweleze kila daktari au muuguzi anayetaka kumpa dawa. Watu wenye magonjwa yanayodhoofisha mawasiliano ya neva na misuli, kama vile mayasthenia, wamo katika hatari kubwa kuliko wengine. Aidha ni vema mtu aandike na kuhifadhi tarehe, jina la dawa, namba ya toleo iliyo juu ya chupa, na idadi ya yuniti alizopewa. Kipande hicho cha karatasi kinaweza kuwa na thamani kubwa siku ambayo yeye mwenyewe hawezi kusema.

Dalili ambazo hazingojei

Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliagiza kwamba dawa zote za jamii hii ziandikwe onyo ndani ya kisanduku: sumu inaweza kusambaa mbali na mahali palipochomwa na kuleta dalili za botulizimu, saa chache au hata majuma kadhaa baada ya sindano. Jambo hili ni nadra sana pale vipimo vya kawaida vya uso vinapotumika na dawa ikiwa halali. Lakini dalili zake ni zilezile alizoandika Kerner: kuona vitu viwiliviwili, kope zote mbili kushuka, sauti kukwaruza au maneno kutotamkika, kumeza kwa shida, udhaifu wa shingo na mikono, na pumzi kuwa nzito. Dalili hizi hazitibiwi kwa barafu wala kwa kulala. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana, na aeleze kwamba alichomwa sindano. Vivyo hivyo kwa mtu anayevimba uso na koo au kutokwa na vipele mwili mzima, kwani hizo ni dalili za mzio mkali.

Sababu ya haraka hiyo inatokana na kanuni ya tatu. Ipo dawa ya kupinga sumu ya botulini, lakini hukamata sumu iliyo bado katika damu pekee; ile iliyokwisha ingia ndani ya neva haiwezi kuifikia. Kila saa inayopotea huiacha sumu zaidi iingie ndani. Baada ya hapo tiba iliyobaki ni mashine ya kupumulia na subira ya majuma au miezi.

Maafa yaliyowahi kuandikwa yanafanana. Mwaka 2004, huko Florida, watu wanne walipatwa na botulizimu kali baada ya kuchomwa sumu ya maabara ambayo haikukusudiwa kwa binadamu. Mwaka 2023, zaidi ya watu 60 kutoka nchi mbalimbali za Ulaya waliugua baada ya kuchomwa sumu hii tumboni nchini Uturuki, kwa matumaini ya kupunguza unene. Mwaka 2024, watu 22 katika majimbo 11 ya Marekani waliripotiwa kudhurika kwa sindano zilizokuwa bandia au zilizotolewa na wasio na leseni, au mahali pasipo pa tiba kama majumbani. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye angesalimika kwa kutosugua uso au kwa kukaa wima saa nne.

Hii ndiyo maana ya kusema kwamba uangalizi wa baada ya sindano huanza kabla ya sindano. Anayechoma awe mtabibu mwenye leseni. Chupa iwe imesajiliwa na mamlaka ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa iwe imehifadhiwa katika baridi kama ilivyoagizwa, kwa kawaida nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ichanganywe mbele ya anayechomwa. Mtu akitimiza hayo, mengi ya maagizo ya saa za kwanza huwa ni kulinda sura yake. Agizo la kuzitambua dalili za hatari na kukimbilia hospitali hulinda uhai wake, nalo lastahili kuandikwa la kwanza katika orodha.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini dawa ya kupinga sumu haiwezi kuiinua kope iliyoshuka siku kumi baada ya sindano?

2. Eleza kwa mchoro tofauti kati ya msuli uliokatiwa amri na msuli uliokufa. Kwa nini wa kwanza hupona?

3. Mtu amechomwa sindano Jumatatu, na Jumatano haoni mabadiliko yoyote. Mshauri, ukitumia kanuni mojawapo kati ya tatu zilizotajwa.

4. Kati ya maagizo ya saa za kwanza, lipi lingeweza kupimwa kwa jaribio? Panga jaribio hilo, ukitaja kundi la kulinganishia.